Airisi za Kivulini: Anza na Aina, Mbolea Baadaye

Airisi, mmea wa maua ya bustani, imeota kivulini, majani yamesimama vizuri, lakini maua hakuna. Mara nyingi mwenye bustani hukimbilia mbolea, na hapo ndipo mambo huharibika zaidi. Tatizo huwa ni aina. Airisi zenye ndevu, yaani vinyweleo kwenye petali za chini, zile za kundi la Iris germanica, zinataka jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kila siku. Kivulini zitatoa majani tu, na rizomu, yaani lile shina nono linalotambaa ardhini, hukaa na unyevu muda mrefu hadi ioze.

Penye mwanga unaochujwa na majani ya miti, panda Iris cristata. Ni fupi, sentimita 10 hadi 20, na kwao ni misitu ya mashariki mwa Marekani. Iris japonica nayo hustahimili kivuli, ila hutambaa kwa kasi, kwa hiyo iachie nafasi. Kivuli kikiwa kizito na udongo mkavu, chagua Iris foetidissima. Maua yake yamefifia, lakini maganda yakipasuka, mbegu zake za rangi ya machungwa iliyokolea hubaki zimeshikilia kwa wiki nyingi, na kwa mbegu hizo peke yake inastahili kupandwa. Hata hivyo, hakuna airisi inayochanua gizani. Punguza matawi ya chini ya mti ili jua la asubuhi lipenye.

Tifua udongo kina cha sentimita 15 hadi 20, uchanganye na mboji ya majani makavu. Usikate mizizi minene ya mti, sogea pembeni. Laza rizomu, tandaza mizizi yake chini, kisha funika kidogo tu, mgongo wake ubaki usawa wa ardhi. Ukiizika, haichanui. Iris cristata ziachane sentimita 15 hadi 20, Iris foetidissima kama 45. Mwagilia mara kwa mara mwaka wa kwanza, maana mizizi ya mti hunywa kabla ya airisi. Matandazo yawe mepesi, yasilale juu ya rizomu.

Samadi mbichi na mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani mengi na maua machache, tena hulainisha rizomu. Ibonyeze kwa kidole gumba: ikibonyea na kunuka, kata kwa kisu safi hadi ufike penye nyama ngumu nyeupe, iache ikauke siku moja, kisha ipande mahali pengine. Vaa glavu, maana utomvu wake huwasha ngozi.

Koa hupenda sana Iris cristata. Waokote usiku kwa tochi. Shada la mimea likibanana, kwa kawaida baada ya miaka 3 au 4, ligawe mara tu maua yanapokwisha, kila kipande kiwe na majani na mizizi yake. Iris foetidissima haipendi kuguswa. Ukiihamisha, ivumilie msimu mmoja au miwili kabla ya kudai maua.