Mzazi Wako Haoni Vizuri na Bado Anaendesha Gari? Soma Yaliyotupata

Mlango wa kushoto wa gari la baba ulikuwa na mstari wa rangi ya bluu, urefu wa kiganja, chini kidogo ya kitasa. Ilikuwa rangi ya lango letu. Niliuona mwezi wa Agosti nilipofika nyumbani Njoro, Kenya, nikausugua kwa kidole, haukutoka, nikaingia ndani kunywa chai. Mezani baba akakipiga kikombe kwa kiwiko cha kushoto, chai ikamwagika. Mama akasema, "Siku hizi ni kila siku." Tukacheka, tukapangusa meza.

Mwezi wa Oktoba, saa kumi na mbili na nusu jioni, baba akiwa na miaka 77 alimgonga kijana wa bodaboda aliyekuwa akitokea barabara ndogo ya kushoto. Kijana alifariki kabla hajafikishwa hospitalini. Alikuwa na miaka 24.

Kwenye kikao cha ukoo usiku ule, kila aliyesimama alisema ajali haina kinga. Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nikiuona ule mstari wa bluu.

Wiki mbili baadaye daktari wa macho alimpima baba, akakuta ana presha ya macho iliyomla kwa muda mrefu. Kwa kawaida ugonjwa huu hauumi. Unaanza kwa kupunguza uwezo wa kuona pembeni huku katikati kukibaki safi, kwa hiyo mtu anasoma gazeti na Biblia bila shida, na anaapa kwamba anaona vizuri. Baba hakuwa akidanganya. Ila sisi tuliokaa naye tulikuwa tumeona dalili, na hakuna hata mmoja aliyempeleka kupimwa.

Sasa nije kwenye sheria, maana hapa ndipo watu wengi hudanganyana. Nilisikia jamaa wakisema mzee wa miaka hiyo hawezi kushtakiwa. Si kweli. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 46, inasema anayesababisha kifo kwa kuendesha gari ovyo au kwa namna ya hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10, na leseni yake inafutwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye mvi anaachiliwa. Umri unaingia mwishoni, wakati wa kujitetea apunguziwe adhabu, baada ya hatia kuthibitishwa. Wengine walisema tuelewane na familia ya marehemu ili kesi iishe. Kesi ya namna hii ni ya serikali, na uamuzi wa kushtaki uko kwa mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Familia haiwezi kuifuta kwa sababu imepokea mbuzi na bahasha.

Nenda kwa waliofiwa, tafadhali nenda. Lakini nenda kutoa pole, usiende kununua ukimya. Sisi tulitangulia kwa wazee wawili wa kijiji, tukaomba ruhusa kwanza, tukachanga gharama za mazishi bila kuandikishana chochote. Mama wa marehemu, anayeuza mboga sokoni, alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akanigeukia mimi, si baba, akauliza, "Mwanangu, mlijua haoni?"

Nilimwambia nilikuwa nimeona dalili. Wakili wetu alinikemea sana kwa jibu hilo. Mpaka leo sijutii.

Baba alikiri kosa. Hakimu aliagiza ripoti ya afisa wa probesheni, akasikiliza na familia ya marehemu, kwani tangu 2014 kuna sheria inayowapa waathiriwa nafasi ya kusema mahakamani. Baba alipewa kifungo cha nje cha miaka 2, leseni ikafutwa. Kuna waliosema ameonewa, kuna waliosema amependelewa. Usiku nilipokosa usingizi nilisoma kesi za nchi nyingine. Mwaka 2003 huko Santa Monica, Marekani, mzee wa miaka 86 aliingiza gari sokoni akaua watu 10. Alipatikana na hatia, lakini jaji alimpa kifungo cha nje kwa sababu ya afya yake. Tokyo, mwaka 2019, mzee wa miaka 87 aligonga na kuua mama mmoja na binti yake wa miaka 3. Alishikilia kwamba gari ndilo lililoharibika. Mahakama ikaamua alikanyaga mafuta badala ya breki, ikamfunga miaka 5, naye wakati huo ana miaka 90. Nikisoma kesi hiyo ya pili, ninayemfikiria ni mume wa yule mama, aliyefiwa na mke na mtoto, anakaa mahakamani mwezi baada ya mwezi akisikia gari likilaumiwa. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito. Kumfunga mzee wa miaka 77 kusingemrudisha kijana, lakini kumwambia mama yake kwamba mwanawe ndiye aliyekuwa na kasi, hali ukijua dereva hakumwona, ni kumuumiza mara ya pili.

Halafu kuna jambo ambalo sikulitarajia kabisa. Gari lilikuwa limesajiliwa kwa jina langu. Nilimnunulia baba alipostaafu ualimu, sikubadilisha umiliki. Kwa sheria yetu aliyeandikishwa ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, basi kwenye kesi ya fidia nikawa mdaiwa wa pili. Waliofiwa wana miaka 3 ya kufungua kesi hiyo, kwa hiyo usidhani kimya cha miezi sita ni msamaha. Bima ya lazima ya mtu wa tatu, ile inayomlipa aliyeumizwa na gari lako, ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Mahakama ikitoa zaidi, tofauti inatoka mfukoni mwako. Tena fomu nyingi za bima huuliza kama dereva ana tatizo la macho au maradhi mengine. Ukificha, kampuni inaweza kupata sababu ya kukataa kulipa, na anayeumia ni yule mama wa mboga pamoja na wewe. Ajali ikitokea, ripoti kituoni ndani ya saa 24, chukua nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), arifu bima mara moja, na karatasi yoyote ya mahakama ikikufikia ipeleke kwao siku hiyo hiyo.

Simaanishi kila mzee anyang'anywe gari. Katiba, kifungu cha 57, inawahakikishia wazee haki ya kuishi kwa heshima, kujiendeleza na kushiriki katika mambo ya jamii, na nawajua wazee wa miaka 80 hapa Nakuru wanaoendesha vizuri kuliko vijana wa matatu. Kinachotakiwa ni kupimwa. Huko Japani mwenye miaka 75 na zaidi hupimwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri anapoongeza muda wa leseni. Mimi leseni ya baba nilimwongezea muda kwa simu, nimekaa kwenye kochi, bila swali lolote kuhusu macho yake.

Baba mdogo yuko Molo, ana miaka 81, na baada ya msiba ule nilijua zamu yake imefika. Sikumwambia aache kuendesha. Nilimwomba anisindikize kliniki ya macho, tupimwe wote wawili. Daktari ndiye aliyemweleza, na kutoka kwa daktari neno halimvunji mzee kama linapotoka kwa mtoto aliyemlea. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeelewana na jirani mwenye teksi awe anampeleka kanisani, sokoni na kwenye mikutano ya ushirika wa maziwa, ndugu wote tukichanga kila mwezi. Hili usiliruke. Ukimnyima mzee gari bila kumpa njia nyingine, umemfungia nyumbani, na wiki ya tatu utamkuta amepata ufunguo wa akiba.

Alikasirika siku nne. Siku ya tano alinipigia simu akaniambia nipite. Alikuwa ameliosha gari, limeng'aa, maji bado yanachuruzika chini ya milango. Tulilizunguka pamoja polepole. Upande wa kushoto, karibu na taa ya nyuma, palikuwa na bonde dogo lenye vumbi la tofali. Alipagusa kwa kidole gumba, akasema, "Hii sikumbuki ni lini." Kisha akanipa ufunguo.