Muvi za visiwa vya Ugiriki, nianzie wapi?

SWALI: Mhariri mambo? Napenda muvi za visiwa vya Ugiriki ila kila nikitafuta naletewa harusi na watu wanaogelea tu. Hakuna zinazoonyesha wenyeji, walioondoka, wanaokumbuka kwao? Halafu ile densi ya ufukweni kwenye muvi ya Zorba the Greek ni ya mababu kweli?

JIBU: Zipo bana. Anza na Nyfes ya Pantelis Voulgaris (2004). Hadithi ni ya 1922, mabibi harusi 700 wamejazana melini kwenda Marekani kuolewa na wanaume ambao wengi wao wanawajua kwa picha tu. Niki ni fundi cherehani wa kisiwa cha Samothrace, humo melini anakutana na mpiga picha Mmarekani na hapo ndo moyo unaanza kuvutwa huku na huku, maana kule ng'ambo kuna mtu anamsubiri na heshima ya familia iko mabegani mwake. Usiiangalie huku unachati, utapitwa na macho ya yule dada.

Mediterraneo (1991) ni nyepesi zaidi, askari wa Italia wanasahaulika kisiwani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, redio imeharibika, wanaishia kuzoeana na wenyeji. Ilirekodiwa kisiwa cha Kastellorizo, pua na mdomo na Uturuki.

Densi ya Zorba? Hapana, inaitwa sirtaki na ilitungwa kwa ajili ya muvi yenyewe, 1964, ikarekodiwa ufukwe wa Stavros kule kisiwa cha Krete. Hatua zake zimechotwa kwenye hasapiko, densi ya Kigiriki ya zamani; sirtaki inaanza taratiiibu halafu inakimbia. Mi sioni ubaya, Wagiriki wenyewe washaifanya yao.