Maswali ya Magari: CX-5 ya umbo la 2017

Shikamoo. Nataka Mazda CX-5 ya umbo la 2017. Pale yadi wananisukumia dizeli ya 2.2. Naishi Kimara, kazini ni Posta. Nichukue? (Dar es Salaam)

Marahaba. Usichukue, tafuta petroli ya 2.0. Dizeli ile ni tamu kweli, ina mvuto wa Nm 420 na ukikanyaga kidogo tu inaondoka. Lakini ina DPF, kichujio kinachonasa masizi ya moshi na kuyachoma. Ili yaungue sawasawa, gari litembee mfululizo kwa mwendo wa maana, na kwa foleni ya Ubungo hilo utalipata saa ngapi? Uchomaji ukikatika kila mara, dizeli ya ziada inayopulizwa ili kuyachoma masizi huteremka kwenye oili. Chomoa stiki uiangalie: oili ikipanda hadi alama ya X na kunuka dizeli, imwage siku hiyohiyo, maana haina tena uwezo wa kulinda injini. Wanaokwenda Dodoma kila wiki wanunue dizeli bila hofu, ila waweke oili ya DL-1 au C3, yaani daraja za oili za injini zenye DPF. Oili ya kupimiwa kwenye dumu ni kuua injini.

Fundi anataka kuitoa hiyo DPF. (Eldoret)

Mkatalie! Masizi yatavutwa na wanao, na yale yanayoganda kwenye njia ya hewa ya injini yatabaki palepale.

Inakula mafuta kiasi gani? (wengi)

Kila wiki swali hilihili, bila kutaja injini wala barabara. Taja hivyo viwili, nitajibu.

Rimu za 17 au 19? (Nakuru)

17. Ukuta wa tairi lake ni milimita 146. Wa 19 ni 124. Kwenye mashimo yetu tofauti hiyo ndiyo inayookoa rimu. Na usidanganywe kwamba 17 itaua raha ya kona: usukani wa gari hili ni mwepesi na wa uhakika kwa rimu zote mbili.

Watoto wangu watatu watakaa vizuri nyuma? (Kisumu)

Mama, umbo limebadilika, lakini kutoka ekseli hadi ekseli ni milimita 2,700 zilezile za CX-5 ya zamani. Kilichoongezeka nyuma ni matundu ya AC na viti vinavyolala kidogo. Nenda nao yadi, wakae wote watatu na milango ifungwe, kabla hujatoa hata shilingi ya kushikia gari.