Mahakama "ilifungwa", "ilivunjwa" au "ilihitimisha shughuli"?

SWALI: Ninaandika habari za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ile iliyokuwa Arusha. Niseme ilifungwa, ilivunjwa, au ilimaliza kazi?

JIBU: "Ilivunjwa" liweke kando. Tunavunja bunge, baraza au kamati: mwenye mamlaka anatamka, wajumbe wanatawanyika, hata kama kazi haijakwisha. Mahakama hii haikuondoka hivyo. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiunda Novemba 1994 kuwashtaki watuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mwaka 2010 likaamua kiundwe chombo cha kurithi majukumu yake. Chombo hicho kilianza kazi Arusha Julai 2012, huku mahakama yenyewe ikiendelea kusikiliza rufaa hadi Desemba 2015. Kipindi chote hicho mahakama ilikuwa "inahitimisha shughuli zake". Kuhitimisha ni kulifikisha jambo kwenye ukomo wake uliokusudiwa. Ndiyo maana mwanafunzi huhitimu, na kisomo kikikamilika tunasema hitima.

"Ilifungwa" ni sahihi ukitaja siku yenyewe: ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Ila usiidondoshe ile "w". Shule ikifunga, wanafunzi wako likizo na watarudi. Ikifungwa, huenda wasirudi tena. Ukiandika "mahakama ilifunga", msomaji atadhani majaji walikwenda mapumziko.

"Ilimaliza kazi" nakusihi uiache kabisa. Mahakama ilishtaki watu 93, na ilipofungwa baadhi yao walikuwa bado mafichoni. Mmoja wao, Félicien Kabuga, alikamatwa Ufaransa Mei 2020, zaidi ya miaka minne baadaye. Aliyenusurika, ambaye bado anasubiri mtuhumiwa wake asimame kizimbani, atasomaje kwamba kazi ilimalizwa? Kuhitimisha shughuli kunaacha nafasi ya deni kurithiwa na mwingine. Kumaliza kazi kunasema deni limelipwa.

Na kwa kuwa utakigusa chombo kilichorithi, usiandike "mabaki ya kesi". Najua kubaki na kusalia hubadilishana nafasi kila siku, na kwingine nisingekusumbua. Lakini katika habari za mauaji ya kimbari, mabaki ni miili na mifupa ya watu, ambayo mpaka leo hupatikana na kuzikwa kwa heshima. Neno hilo waachie wao. Wewe andika "kesi zilizosalia" au "majukumu yaliyosalia".