Selo imeachia ukingo: iweke chini hiyo gundi!

Wacha! Usitie kitu. Funika hizo tyubu kwanza, halafu usome.

Umeandika kwamba umehamia Unguja na selo yako, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, unataka kupiga na kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, na siku moja uongoze orkestra kama mpiga selo Casals alipohamia Puerto Rico. Sasa masika haya uso, ule ubao wa mbele, umeachia pembeni, upana wa kiganja, na fundi milango amekuahidi gundi ya tyubu mbili "isiyoachia milele". Yakhe, hiyo milele ndiyo balaa. Fundi wa namna hiyohiyo ndiye aliyeniponza mimi, mdomo mrefu kuliko randa yake. Selo yangu sasa ni pambo la ukutani, anaithamini paka tu.

Ukingo kuachia si ubovu. Selo huundwa kwa gundi ya ngozi (inayopikwa kwa ngozi za wanyama) kusudi iweze kuachia. Mbao ya uso huvimba masika, ukiipeleka chumba chenye kiyoyozi husinyaa, tena kwa upana, si kwa urefu. Ukingo ukifunguka, mbao imepata pa kupumulia. Ukiugandisha, mbao itasinyaa vilevile ila haina pa kwenda, basi hupasuka kufuata mishipa yake. Pabaya kuliko pote ni pale juu ya kijiti cha ndani kinachoushikilia uso, karibu na daraja linalobeba nyuzi, upande wa uzi mwembamba. Kutengeneza ufa huo lazima uso ubanduliwe wote, na uso uliotiwa tyubu mbili haubanduki ila utoke na vipande vya mbavu, yaani mbao za ubavuni. Hapo gharama huipita selo yenyewe.

Gonga ukingo mzima kwa kifundo cha kidole. Panapojibu kama kopo bovu ndipo palipoachia. Ukikosa gundi ya ngozi, jelatini ya unga isiyo na sukari wala ladha inafaa (ya ng'ombe, usinitafutie kesi). Sehemu moja kwa mbili za maji baridi, iache ivimbe, kisha kikombe ukiweke ndani ya sufuria ya maji ya moto, digrii 60. Ikichemka imekufa, mwaga. Legeza nyuzi lakini usizitoe zote, kijiti cha ndani kitaanguka. Pasha ukingo kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, maana mbao ikiwa baridi gundi huganda hujabana. Ingiza kwa kisu chembamba, futa kwa kitambaa cha maji moto, bana kwa vibano vilivyovishwa ngozi, nguvu ya vidole tu. Siku nzima usiiguse.

Na kiyoyozi usikiwashe mchana ukakizima usiku. Unyevu wenyewe mbao huuzoea, kupanda na kushuka ndiko kunakoiua.

Na uliuliza kuhusu rasti, ile maqamu (ngazi ya sauti) ya taarab: ukianzia do, sauti yake ya tatu iko baina ya mi na mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu sauti), utaikamata kwa kukaa karibu na wapiga fidla. Lakini selo iwe nzima kwanza!

Na huyo fundi, kama ameshachanganya tyubu zake, mpe mlango wa choo atie.