Vile vifundo vya moto vya masaji ya Kithai, naweza kumtengenezea mama nyumbani?

SWALI: Habari dada, pole na kazi. Nilienda kufanyiwa masaji ya Kithai hapa Dar, mwishoni dada wa pale akaleta vifundo viwili vya kitambaa vya moto vina majani ndani, akawa ananikandamiza navyo mgongoni na mabegani, aisee nilitoka mwepesi. Bei yao sasa ndo inanikimbiza. Mama anasumbuliwa na magoti na kiuno, nataka nimtengenezee nyumbani, ndani wanaweka nini? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Salama mdogo wangu. Kile kitu Wathai wanakiita luk prakob na wala si mambo ya spa ya juzi, kwao ni dawa ya siku nyingi. Pale hekalu la Wat Pho, Bangkok, ambako mfalme Rama wa 3 aliandikisha elimu ya tiba kwenye mawe karne ya 19, kuna shule ya tiba asili tangu 1955 na masaji inafundishwa mpaka leo.

Ndani kuna plai, huyo ni ndugu wa tangawizi mwenye nyama ya njano na ndo anakuwa mwingi kuliko wote, alafu manjano mbichi, mchaichai, maganda ya ile ndimu yao ya ngozi ya mikunjomikunjo, majani ya mkwaju, chumvi na kafuri. Plai sokoni kwetu sahau, weka tangawizi, ila inawasha kwaiyo usijaze, ngozi ya mtu mzima laini. Na kafuri ndo ileile karafuu maiti, mama akigoma kukandwa na kitu cha kuoshea maiti usibishane nae, acha tu, haiharibiki kitu.

Twanga vitu vyako kiasi, visiwe uji. Chukua kitambaa cha pamba kisicho na rangi, kipande cha shuka jeupe kuukuu kinafaa, nailoni usiguse, weka mchanganyiko katikati kiasi cha chungwa kubwa, kusanya pembe nne, kamua na kiganja mpaka likae duara gumu, kaza kamba shingoni, alafu ile mikia ya kitambaa iliyobaki juu ikunje uizungushie kamba iwe mpini, bila mpini utaungua wewe kabla ya mama. Tengeneza viwili. Maji yachemke kwenye sufuria, juu weka chujio la chuma, panga vifundo, funika, dakika 15 mpaka 20. Usivitumbukize kwenye maji jamani, vikilowa chepechepe vinachuruza maji ya moto kwenye ngozi na hapo ndo watu wanababuka.

Ukikitoa usikimbilie goti. Kiweke kwanza kwenye mkono wako, upande wa ndani juu ya kiganja, kama huwezi kukivumilia na yeye hawezi. Mwanzo ni gusa inua, gusa inua, harakaharaka bila kutulia sehemu moja, kikipunguza moto ndo unakilaza na kukandamiza polepole kuzunguka goti, kikipoa kirudishe kwenye mvuke shika cha pili. Robo saa inatosha. Mtandikie kitu chakavu maana manjano haitoki.

Ukiniuliza mimi, kazi kubwa pale inafanywa na joto lenye unyevu, misuli inalegea na maumivu yanapungua, majani na harufu yanaongezea. Ila goti lililosagika halirudi kwa kukandwa, atapata nafuu tu. Na siku ukikuta goti limevimba na lina moto lenyewe, acha kukanda, mpeleke hospitali.

SWALI: Shikamoo dada, mume wangu ana kisukari, miguu inamchoma usiku na nyayo zina ganzi. Nimkande na hivyo vifundo? (Mama wawili, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Hapana mama. Mtu mwenye ganzi hasikii moto, utamuunguza huku anakwambia endelea, kesho unaona lengelenge, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari we mwenyewe unajua kinapoelekea. Mgongo na mabega mkande kama anasikia vizuri, miguu mwambie daktari wake hiyo ganzi.

SWALI: Wifi yangu kajifungua, tunamkanda maji ya moto kama kawaida yetu, hii ya Wathai inafaa kwa mzazi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hongereni! Wathai nao wana ya kwao ya mzazi, zamani alikuwa analazwa karibu na moto siku kadhaa, na vifundo hivi wanamkandia mwili na matiti ili maziwa yashuke. Kwaiyo mgongo na mabega sawa. Matiti mkikanda iwe vuguvugu, msiweke kafuri kabisa maana mtoto akiilamba ni sumu, na aoshe kabla ya kunyonyesha. Titi likiwa jekundu, gumu na mama ana homa hiyo si ya kukanda, ni ya hospitali siku hiyohiyo. Na kama kajifungua kwa upasuaji, tumbo msiliguse na kitu cha moto, hata hayo maji yenu, mpaka muulize nesi siku ya kliniki.