Barua kwa mwanangu, daktari

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza iwapo umekosa uongozi wa madaktari walio kwenye mafunzo ya ubingwa kwa sababu ya uwezo wako au kwa sababu wewe ni mwanamke, maana mkufunzi mmoja ameandika kuwa u mpole mno kuongoza, na mwingine, mwezi uleule, akaandika kuwa u mkali kwa wenzako. Nimezisoma tathmini hizo kwa makini, na kwa maoni yangu hakuna hata moja inayopima uwezo wako.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani kuhusu madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa wa tiba ya dharura katika programu 8, ambao wakufunzi wao waliwapa alama papo hapo kazini. Mwaka wa kwanza wanawake na wanaume walikaribiana sana, lakini kufikia mwaka wa tatu alama zilionyesha wanaume wametangulia kwa kiasi kinacholingana na miezi 3 hadi 4 ya mafunzo. Linaloniuma zaidi ni kwamba wakufunzi wa kike nao walitoa alama vivyo hivyo. Kwa hiyo usidhani tatizo ni chuki ya mtu mmoja.

Upendeleo huu hujengeka kidogokidogo: mgonjwa humwita daktari wa kike aliyempasua "nesi", kisu hukabidhiwa kijana wa kiume huku wewe ukiendelea kushikilia jeraha, na siku ya kuchagua kiongozi wazee wa idara humkumbuka yule waliyezoea kumwona akiamua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba wanawake ni asilimia 70 ya wahudumu wa afya, ilhali nafasi za juu wanashika asilimia 25 tu.

Usibadili sauti yako kufuata kila neno la tathmini. Mwombe kila mkufunzi aandike alichokiona: mgonjwa yupi, uamuzi gani, na ulipaswa kufanya nini badala yake. Hesabu pia pasuaji ulizofanya mwenyewe na zile ulizosaidia tu, uzilinganishe na za wenzako wa mwaka wako, kisha umpelekee mkuu wa mafunzo karatasi yenye hesabu hiyo mkononi, kwa heshima, bila kunung'unika.

Nafasi ikitangazwa tena, omba. Nitumie barua yako ya maombi niisome kabla hujaiwasilisha.

Mama yako akupendaye.